Miaka Saba ya Kumsimamisha Jescah

Nilipompeleka Jescah hospitali ya misheni mara ya kwanza, nilibeba chupa ya uji, leso moja na gauni lake la kubadilisha. Nilidhani tutapewa dawa turudi jioni ile ile. Hata maharagwe nilikuwa nimeyaacha kwenye maji. Mwanamke aliyetupokea alikuwa mfupi, mikono imejaa kama ya mkata miwa, na shingoni amening'iniza utepe wa kupimia kama fundi wa nguo. Alikuwa mtaalamu wa kunyoosha viungo, na wenzake walimwita Madam Ayuma. Alimlaza mtoto juu ya godoro jembamba, akamkunja magoti, akamvuta nyayo, akamgeuza huku na huku. Kisha akaniuliza kama nimekuja na blanketi.

"Blanketi la nini?"

"La kulalia. Mtakaa hapa wiki sita."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama mtu aliyeambiwa mzaha, halafu nikaona yeye hacheki.

"Na dawa je?"

"Dawa hakuna."

"Sasa wiki sita tutakuwa tunafanya nini?"

"Kazi," akasema. "Na utakayeifanya ni wewe. Mimi nitakuonyesha tu."

Naandika haya kwa sababu wazazi wengi hunijia sasa, wengine wakiwa wamemfunika mtoto uso kwa leso, na nikiwatazama machoni naona kile kicheko changu. Habari za ubongo sizijui, hizo muwaulize wenye kuzisomea. Ninachojua ni yale yaliyotupata, na karibu yote yalitupata tukiwa hatujajiandaa.

Jescah alizaliwa mwaka tuliong'oa mahindi tukapanda miwa. Kule kwetu Matungu kila mtu alikuwa akipanda. Miwa ilifika mpaka mlangoni, mpaka nyuma ya choo, ukitoka nje asubuhi huoni nyumba ya jirani. Mume wangu, Wesonga, alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa kwenda kiwandani, na watu walimheshimu kwa kazi hiyo. Uchungu wa kumzaa Jescah ulinishika siku mbili. Alipotoka hakulia. Mkunga alimpiga makalio, akampulizia puani, na baadaye sana akatoa sauti ndogo kama ya paka. Tukamshukuru Mungu, tukadhani limepita.

Shamba lilipokatwa mara ya kwanza, miezi kama ishirini baadaye, watoto wa rika lake walikuwa wakikimbilia matrela kuokota miwa iliyoanguka. Jescah alikuwa amelala pale pale nilipomlaza asubuhi. Shingo yake ilikuwa laini kama ya mtoto wa wiki mbili, lakini miguu ilikuwa migumu, imepishana kama mkasi, hata kumvalisha nepi ilikuwa vita. Nilisimama na kikapu cha chakula cha wakataji, nikawaangalia wale watoto wakikimbia, kisha nikamtazama wangu. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nikiambiwa atakomaa tu, na nilikuwa nikiamini.

Miaka miwili zaidi ilipita tukizunguka kutafuta msaada. Wageni wakija, mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kukhu, alimbeba Jescah akamlaza chumba cha nyuma akafunga mlango. Sikumkataza. Nasema hivyo ili mjue ni nani anayeandika.

Siku tatu za kwanza pale hospitalini nilitaka kutoroka. Tulikuwa akina mama tisa katika chumba kirefu chenye vitanda na sufuria zetu chini ya vitanda. Kila asubuhi baada ya uji tuliingia ukumbi wa mazoezi, na kabla hatujavuka mlango watoto walikuwa wameanza kulia, maana waliujua. Madam Ayuma alinikalisha sakafuni, akanipa miguu ya Jescah.

"Shika juu ya goti. Fungua polepole. Ukisikia inakataa, ngoja hapo. Usivute kwa nguvu, usiachie."

Jescah alipiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia. Nikaachia.

"Umeachia," akasema.

"Anaumia."

"Anavutwa, na hapendi. Kuumia ni tofauti, na nitakufundisha kutofautisha. Shika tena."

Nilishika tena. Machozi yalinidondoka juu ya tumbo la mtoto wangu. Tulifanya hivyo asubuhi, adhuhuri na alasiri, saa nzima kila mara, na katikati kulikuwa na kumkalisha, kumgeuza, kumlaza kifudifudi juu ya gunia lililoviringishwa ili ainue kichwa. Jioni ya siku ya pili sikuweza kunyoosha mgongo. Mikono yangu ilitetemeka hata nikashindwa kushika kikombe. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mwili wangu nao utaingia katika matibabu. Wewe sasa nimekuambia.

Aliyeniokoa ni mwanamke wa kitanda cha pili, Mama Zuhura, kutoka Mumias. Binti yake Zuhura alikuwa mkubwa kidogo kuliko Jescah, mwembamba sana, kifua kikimkoroma kila akipumua. Alinikuta nimegeukia ukuta.

"Asalaam aleikum, dada."

Akakaa kwenye kitanda changu kama chake.

"Mimi hii ni mara yangu ya tatu hapa," akasema. "Mara ya kwanza nilitoroka siku ya nne. Nilifika mpaka stendi. Nikakumbuka nimesahau sufuria yangu nzuri, nikarudi kuichukua, Madam Ayuma akaniona."

Nilicheka huku nalia. Ni yeye aliyenifundisha kumlisha Jescah. Miaka minne nilikuwa nikimlaza chali na kummiminia uji, naye akipaliwa, macho yakimtoka, na mimi nikidhani kula kwa mtoto kama huyu ndivyo kulivyo. Mama Zuhura alimkalisha wima, akamwinamisha kidevu mbele kidogo, akampa ugali laini uliochanganywa na mrenda, ile mboga ya kuteleza, kwa ncha ya kijiko, akangoja. Jescah akafunga mdomo. Akameza. Hakupaliwa. Nilimwangalia binti yangu akimeza kama mtu mwingine yeyote. Jambo dogo namna ile, na hakuna mtu aliyekuwa amenionyesha.

Wiki ya pili wakamfunga plasta miguu yote miwili, toka mapajani hadi vidoleni, ili misuli ivutike polepole. Kila baada ya siku kumi walikata ile plasta, wakafunga nyingine miguu ikiwa imenyooka zaidi. Chini yake ngozi ilitoka kama magamba na harufu yake ilinijaa puani.

Wesonga alikuja Jumapili ya tatu kwa baiskeli, na kuku wa kuchoma ambaye Kukhu alimfunga kwenye majani ya mgomba. Aliingia akitabasamu. Akaiona ile miguu, myeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, ikiwa imetenganishwa na kijiti katikati. Jescah alipomwona baba yake akaanza kulia.

"Mmemfanya nini mtoto wangu?"

"Wesonga, ngoja nikueleze."

"Unieleze nini?" Alikuwa amekwisha kumwinua, plasta na kijiti na kila kitu. "Kusanya vitu twende. Alikuwa hatembei, lakini alikuwa halii."

Lilikuwa neno la kweli. Nyumbani Jescah hakuwa akilia. Alikuwa amenyamaza miaka minne, na sote tulidhani kunyamaza ni utulivu.

Madam Ayuma, aliyekuja siku ile ya mapumziko akiwa na nguo zake za kanisani, hakubishana naye. Alivuta mkeka.

"Baba Jescah, kabla hujaenda, kaa hapa kidogo. Mshike hivi."

Akamkalisha Jescah mbele ya Wesonga, mgongo wake kwenye kifua cha baba, akaichukua ile mikono ya dereva yenye grisi kwenye kucha akaiweka juu ya magoti ya mtoto.

"Hesabu mpaka mia tatu. Ukimaliza, mchukue uende."

Wesonga alihesabu kwa hasira. Kwenye mia moja hasira ilikuwa imepungua. Mahali fulani kwenye mia mbili, Jescah akanyamaza, na kichwa chake kilichokuwa kimeanguka kifuani kikaanza kuinuka, kikitikisika kama cha mtu mzee sana, kikainuka mpaka kikasimama. Akaangalia mbele. Aliona dirisha, na nje ya dirisha watu wakipita. Kikaanguka. Akakiinua tena.

Wesonga alinitazama, mdomo wazi.

"Nimefika ngapi?" akauliza.

"Anza tena," Madam Ayuma akamwambia.

Akaanza tena. Alirudi nyumbani bila mtoto, na kuku tulimla akina mama wote tisa.

Lakini kilichonishtua kuliko vyote kilikuja wiki ya nne.

Madam Ayuma alikuwa amemkalisha Jescah kwenye kiti cha pembe, kile cha mbao chenye mgongo wa kona na meza mbele. Juu ya meza akaweka kikombe na kiatu.

"Jescah. Kikombe kiko wapi?"

Macho ya Jescah yakaenda kwenye kikombe. Nikadhani ni bahati. Madam Ayuma akavibadilisha nafasi, akauliza kiatu. Macho yakaenda kwenye kiatu. Akaongeza kijiko na sabuni, akauliza kimoja baada ya kingine, na macho yakaenda, yakaenda, yakaenda, bila kukosea hata mara moja. Kisha akauliza, "Na ni nani humu ndani analia sana kuliko watoto?"

Jescah akageuza macho taratibu akanitazama mimi. Na akacheka. Ukumbi mzima ukacheka.

Mimi nilitoka nje nikaenda kwenye mabomba ya maji. Madam Ayuma akanifuata.

"Anaelewa?" nikamuuliza.

"Anaelewa."

"Tangu lini?"

"Mama Jescah, hakuanza leo kwa sababu sisi tumeuliza leo."

Naomba mnielewe. Kwa miaka minne tuliongea mbele ya mtoto yule kama watu wanaoongea mbele ya kiti. Kukhu alikuwa akisema, "Huyu hasikiangi kitu, ongeeni tu." Wageni waliuliza huu ni ugonjwa wa laana ya nani, nasi tukajibizana juu ya kichwa chake. Na kuna siku moja, tukichambua mboga na wifi yangu jikoni, Jescah akiwa kwenye mkeka karibu na mguu wangu, nilisema kwamba kama ningejua, ningemwomba Mungu amchukue ile wiki ya kwanza. Nililisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua. Nilisema zaidi ya mara moja.

Nilirudi ndani, nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Akina mama walikuwa bado wakicheka, hawakujua. Nikamwambia kwa Kiwanga, lugha yetu ya nyumbani, polepole, kwamba mama alisema maneno mabaya kule jikoni, na kwamba mama hakujua anasikia, na kwamba hilo si kisingizio. Nikamwomba anisamehe.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akafumba macho.

Siku mbili hakunitazama. Nilimfanyisha mazoezi, nikamlisha, nikamwogesha, naye macho yake yalikwenda ukutani, kwa Mama Zuhura, popote isipokuwa kwangu. Mtoto ambaye hata shingo haikuwa yake kamili alikuwa amepata kitu kimoja anachoweza kuninyima, akaninyima. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nakunywa uji nikiwa nimekata tamaa, nikahisi natazamwa. Aliutazama uji wangu, akanitazama mimi, akautazama uji. Sikujua kama ni msamaha au ni njaa. Nilimpa kikombe chote.

Tulirudi nyumbani mvua za masika zikianza, miwa iliyochipua upya baada ya kukatwa ikiwa kimo cha kiuno. Tulipewa kiti cha pembe, karatasi iliyochorwa mazoezi, na agizo la kurudi baada ya miezi mitano kwa wiki sita nyingine. Nilidhani kazi ngumu imekwisha. Kumbe nyumbani ndiko ngumu ilikokuwa, kwa sababu nyumbani kuna kulima, kuna kuni, kuna wakataji wa kulishwa, na kuna wengine wanaokuita mama.

Binti yangu mkubwa, Rodah, alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mtoto wa kujituma, hanisumbui. Siku moja nilimwona akichechemea uani, nikamwita. Alikuwa amejifunga mguu kwa vitambaa vya gunia kuanzia nyonga hadi kwenye vidole, amevikaza kwa kamba za migomba, na juu yake amepaka majivu ili uwe mweupe.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia." Alikuwa anatazama chini. "Nimefungwa plasta. Nifanyishe mazoezi."

Nilimkalisha pale pale uani, nikamshika mguu juu ya goti kama nilivyofundishwa, nikahesabu mpaka mia tatu. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikwenda mtoni na Rodah peke yake, tukifua, na Jescah akabaki na Kukhu. Kama una watoto wengine, usingoje wajifunge vitambaa.

Na Kukhu naye. Jumamosi moja tulirudi kutoka mtoni na mabeseni kichwani, nikaona kichwa cha Jescah kikiwa karibu na ardhi, katikati ya ua, bila mkeka. Niliangusha beseni. Alikuwa amefukiwa mpaka kiunoni. Kukhu alikuwa amechimba shimo jembamba, akamtumbukiza mtoto akiwa amesimama, akarudishia udongo na kuushindilia kwa mikono. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka kwenye miwa na mapanga.

Kukhu hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Mnapiga kelele za nini? Wewe si ulisema daktari anataka asimame? Nimemsimamisha. Sisi zamani tulikuwa tunafanyanga hivi."

Nilianza kufukua kwa kucha. Ndipo nikamwangalia Jescah usoni. Alikuwa anacheka. Mikono yake ilikuwa juu ya udongo, kichwa wima, na mbele yake vifaranga walikuwa wakidonoa punje ambazo Kukhu aliwamwagia makusudi ili mtoto awe na cha kutazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona ua wa nyumba yao akiwa amesimama.

Nilipomsimulia Madam Ayuma nilitegemea atakasirika. Alikwenda kwenye kona ya ukumbi, akarudi na kifaa cha mbao chenye mikanda.

"Hiki ndicho tunachotumia kuwasimamisha. Kinafanya kazi ile ile ya shimo la Kukhu. Kichukueni. Lakini kama yeye anapenda shimo lake, mwambie aweke gunia kavu ndani, magoti yanyooke, na isizidi nusu saa."

Kukhu alipewa ujumbe huo, na toka siku hiyo hakuna aliyemzuia tena. Aliacha kufunga mlango wa chumba cha nyuma. Wageni walipokuja aliwaonyesha kwanza Jescah kwenye shimo, akiwaeleza habari za magoti kama mtu aliyesomea.

Tulikwenda raundi ya pili, ya tatu, ya nne. Sitazieleza zote, zilifanana. Raundi ya nne tuliingia wakati wa kuchoma miwa, majivu meusi yakidondoka mpaka kwenye sufuria. Nilikuwa nimeandaa habari nyingi za kumpa Mama Zuhura, maana tulikuwa tumepatana tukutane. Alikuja siku ya pili. Nilimwona kupitia dirishani, akitembea uani amebeba kiti cha pembe kichwani. Mgongoni hakuwa na mtu.

Alikitua mbele ya mlango wa ukumbi.

"Kifua," akasema. "Mvua zilipozidi. Siku nne tu, dada."

Nilimshika. Hakulia. Alikuwa amekipiga msasa kile kiti, amekipaka mafuta, kinang'aa. Akamwambia Madam Ayuma ampe kiti hicho mtoto ambaye ndio kwanza anaanza. Kulikuwa na mama mgeni pale, wa siku ile ile, mtoto wake bado yuko kwenye leso. Mama Zuhura akamchukua yule mtoto, akamkalisha, akamwinamisha kidevu, akaomba kijiko. Alikaa nasi mpaka alasiri akimfundisha yule mgeni kulisha.

Baada ya hapo sikuwahi tena kudhani kwamba bidii yangu ndiyo inayomweka Jescah hai. Mama Zuhura alikuwa na bidii kuliko mimi.

Jescah alipofika miaka saba alikuwa na maneno. Yalitoka yamevutwa, kila moja likimgharimu pumzi, lakini aliyekaa naye aliyaelewa. Akiwa na miaka minane alitembea kwa fremu ya mbao kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa jikoni, hatua kumi na nne, Wesonga akirudi kinyumenyume mbele yake, mikono imenyooshwa, akilia bila kujificha. Tulichinja. Nilimwambia kila mtu kwamba mwaka ujao atatembea mpaka barabarani.

Mwaka uliofuata alirefuka. Hilo nalo hakuna aliyeniambia, au niliambiwa sikusikia. Mifupa ilikua haraka, misuli ikabaki nyuma, na miguu ile tuliyoinyoosha siku kwa siku ikaanza kujikunja tena. Hatua kumi na nne zikawa tisa, zikawa nne. Nilijilaumu, nikamlaumu Wesonga, nikamlaumu Kukhu aliyekuwa sasa mzee wa kushindwa kuchimba. Tulirudi hospitalini Jescah akiwa na miaka kumi na moja, na mwili mrefu ambao singeweza tena kuubeba mgongoni. Plasta upya. Magodoro yale yale, kuhesabu kule kule. Nilikuwa nimekaza meno. Nilimwambia Madam Ayuma tutakaa hata miezi mitatu.

Siku ya kukata plasta ya kwanza, Wesonga naye akiwepo, Jescah alisema, "Basi."

"Bado kidogo," nikamwambia. "Plasta moja tu nyingine."

"Basi, mama."

Nilitaka kuendelea kuongea, lakini Madam Ayuma alinyanyua mkono. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi kufikia wakati huo. Alikaa chini, uso kwa uso na Jescah, na akamuuliza swali ambalo kwa miaka saba mimi sikuwa nimemuuliza.

"Jescah, wewe mwenyewe unataka nini?"

Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia maneno.

"Nataka kiti. Cha magurudumu. Nataka kwenda shule. Nikitembea, nitafika nimechoka. Sitamsikia mwalimu. Nataka kufika sijachoka."

Nilifikiria ile mikono yangu iliyotetemeka, mgongo wangu, Jumapili za Wesonga, shimo la Kukhu. Nikasema jambo la aibu. Nikasema, "Baada ya yote tuliyokufanyia?"

Jescah akanitazama kwa yale macho yake ya kikombe na kiatu.

"Mimi pia nilifanya," akasema.

Wesonga akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Aliporudi alikuwa na fundi wa misheni, mzee aliyetengeneza fremu na viti, na tayari walikuwa wakibishana kama magurudumu ya baiskeli kubwa yatapita kwenye njia ya matrekta wakati wa matope.

"Kazi yetu haikupotea," Madam Ayuma aliniambia wakati nikikunja blanketi. "Anakaa mwenyewe, anameza, anashika kalamu, anasema hapana. Mwendelee kumnyoosha kila siku ili asiumie. Hayo mengine ni maisha yake."

Nilimsikia, lakini sikukubali siku ile. Nilikuja kukubali polepole, na kuna asubuhi ambazo bado sijakubali.

Alianza kwenda shule ya msingi iliyo karibu, darasa la pili, mkubwa kuliko wenzake wote. Rodah alimsukuma katikati ya miwa mpaka sikuona tena kitu ila ncha za majani. Nilirudi jikoni. Siku hiyo nilifagia ua mara tatu.

Saa kumi walirejea. Niliinjika mrenda, na Jescah akaniambia nikae, ana habari. Akaanza. Mwalimu alikuwa anakwenda kukaa kwenye kiti kibovu. Jescah alichukua muda mrefu kufika kwenye neno kibovu. Kiti kilikuwa kimeegemezwa ukutani na wavulana makusudi, kionekane kizima. Akacheka kabla ya kufika mwisho, akasongwa na mate, nikamwinamisha kidevu, akameza, akaendelea. Neno moja, pumzi, neno jingine. Nilitaka kumsaidia kumalizia, nikajizuia, maana nilikuwa kwa kweli sijui kitakachotokea kwa yule mwalimu, na nilitaka kujua.

"Mama!" Rodah akaita kutoka jikoni. "Mboga inaungua!"

"Iache iungue," nikamjibu. "Ehe, Jescah, akakaa. Halafu?"